Braai ya Likizo Cape Town: Lipi Kweli, Lipi Uzushi

Tangu Januari 2023 Mkenya anaingia Afrika Kusini bila viza, kwa siku zisizozidi 90 ndani ya mwaka, na jina la Cape Town limeanza kutajwa kwenye mipango ya Desemba ya nyumba ambazo zamani hazikufikiria mbali zaidi ya Diani. Marafiki wanachanga, wanakodi nyumba yenye ua, na kwenye ua huo wanakuta jiko la matofali lililojengwa ukutani, lina dohani yake, na wavu wa chuma umetundikwa pembeni. Haipiti siku mbili kabla mtu hajasema: tuchome. Rafiki anayeishi huko anapigiwa simu, naye anakuja na wenzake, na waliofika kama wageni wanajikuta wamekuwa wenyeji.

Hapo ndipo maneno yanapoanza. Kila mtu ana lake kuhusu moto, chumvi, kuni na adabu. Mengine ni ya kweli kabisa. Mengine yamepokewa tu bila kukaguliwa: yanaharibu nyama, yanamfunga mwenye shughuli jikoni wakati wenzake wanacheka nje, na moja kati yake linaua watu kila mwaka. Msimamo wangu nautoa mapema. Shughuli ya uani inakuwa tamu pale mwenyeji anapouachia moto muda wake na kuwaachia wageni nafasi yao. Karibu kila uzushi nitakaoutaja hapa chini unatokana na haraka.

"Braai ni nyama choma yetu, imebadilishwa jina tu."

Si kweli. Nyama choma tuliyoizoea Nairobi au Arusha mara nyingi ni kazi ya mtu mwingine. Unachagua mbavu au mguu buchani, inapimwa kwa kilo, unarudi mezani kwa wenzako, na mchomaji analeta ubao na kisu na kukukatia mbele yako, chumvi na kachumbari pembeni. Moto huuoni, au unauona kwa mbali.

Kwenye braai, yaani kuchoma nyama kwa mtindo wa Afrika Kusini, moto ndio baraza. Wageni wanafika kuni zikiwa bado hazijawashwa au ndiyo kwanza zimeshika. Wanasimama kuuzunguka, glasi mkononi, wanaongea saa nzima na zaidi huku kuni zikigeuka makaa, na hakuna anayeuliza chakula kiko wapi. Ukialikwa saa tisa alasiri, kula kwa saa kumi na mbili ni jambo la kawaida. Kwa hiyo ukialika wewe, halafu ukachoma kila kitu mapema ili watu "wasisubiri", umewanyima kile hasa walichokijia. Mwezi wa Desemba jua la Cape Town linatua karibu saa mbili usiku, muda upo tele. Weka karanga, mkate na biltong, ile nyama yao iliyokaushwa kwa siki na giligilani, watu watafune wakisubiri.

Jambo jingine: mshika koleo ni mmoja. Ukisogeza nyama ya mwenzako bila kuombwa, hata kama unaona inaungua, umemvunjia heshima. Ushauri wangu kwa mwenyeji aliye likizoni ni kumkabidhi koleo rafiki wa pale anayeupenda moto. Atafurahi, nawe utapata nafasi ya kukaa na watu wako.

"Hilo ni jambo la Makaburu."

Si kweli, ingawa jina ni la Kiafrikana. Kwenye vitongoji vya Waafrika kote nchini kuna shisa nyama: unanunua nyama buchani, inachomwa hapo hapo, muziki juu. Mkenya au Mtanzania akifika huko anajiona yuko nyumbani kuliko anapokuwa kwenye ua wa nyumba aliyokodi. Gugulethu, nje kidogo ya Cape Town, palikuwa na Mzoli's, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kuvuta watu kutoka pembe zote za dunia kwa karibu miongo miwili. Tarehe 24 Septemba ni Siku ya Urithi, na kampeni ya kuifanya kuwa siku ya taifa zima kuwasha moto ilianza 2005. Mwaka 2007 Askofu Mkuu Desmond Tutu akakubali kuwa mlezi wake. Alilolipenda ni kwamba hili ni tendo dogo ambalo watu wa rangi zote nchini tayari wanalifanya. Wapo wanaokereka kuona urithi wa nchi nzima unashushwa hadi kwenye wavu wa nyama, na hoja yao ina uzito. Lakini kusema moto huo ni wa kabila moja ni kutoijua nchi.

"Mgeni akija na nyama yake, amekudharau."

Hapa ndipo wengi wetu tunaumia bure. Kwetu mgeni akifika na kilo mbili za mbuzi kwenye mfuko, mama mwenye nyumba atajiuliza kama sifa yake imekuwa ya uchoyo. Kule ni utaratibu wa kawaida kabisa: mwenyeji anatoa ua, moto, saladi na vitu vya pembeni, kila mgeni anakuja na nyama yake na kinywaji chake. Si dharau. Kwa kikundi kilicho likizoni ni nafuu kubwa pia, maana kulisha watu kumi na watano mji wa watu kunaweza kumaliza hela za siku nne zilizobaki.

Tatizo linakuja pale pande mbili zinapodhania bila kuulizana. Rafiki wa Cape Town akikuuliza, "Nilete nini?", usimjibu kwa ile adabu yetu ya "Wewe njoo tu, ndugu yangu." Atakuja na nyama yake hata hivyo, au atakuja mikono mitupu na aone haya akikuta wenzake wamebeba. Mwambie waziwazi: nyama ipo, lete mkate, au, kila mtu na nyama yake, ugali na kachumbari juu yetu. Na ukialikwa wewe kwao, uliza swali hilo hilo na ulitimize jibu lake. Kitu kimoja cha kuzingatia: nyama aliyokuja nayo mtu ni yake hadi aseme iende kwa wote. Subiri aseme.

"Unga wa ugali inabidi tubebe."

Si kweli. Unga mweupe wa mahindi uko kwenye kila duka la chakula, maana pap, ugali wao, ndiyo chakula kikuu cha sehemu kubwa ya nchi hiyo. Ile ngumu inakatika kama ugali wetu. Nyingine inapikwa ikawa chenga chenga na kuliwa na mchuzi wa nyanya na vitunguu. Ila ujue kwamba pap kwenye braai ni mazoea ya kaskazini zaidi, Johannesburg na kuendelea. Watu wa Cape wanapenda mkate: vipande viwili, katikati jibini, nyanya na kitunguu, nje siagi, vinafungwa ndani ya wavu wa kukunja na kuchomwa mwisho kabisa, makaa yakiwa yamepoa. Ukiwapikia ugali wataufurahia, na chakalaka ya kopo, ile mboga yao ya pilipili, karoti na maharagwe, inaenda nao vizuri sana.

Nyama mbichi ya kutoka nyumbani, hata iliyogandishwa vizuri namna gani, usiibebe. Kuingiza nyama kunahitaji kibali cha mamlaka ya mifugo, kwa sababu za magonjwa kama ya miguu na midomo, na itaishia uwanja wa ndege.

"Kuni ni kuni."

Uzushi, na hapa naomba uvumilivu kidogo kwa sababu jambo lenyewe ni zuri.

Mifuko ya kuni inauzwa kwenye vituo vya mafuta na madukani kote Cape Town. Soma jina. Rooikrans ni jamii ya mgunga uliotoka Australia. Karne ya 19 watawala waliipanda miti hiyo na ndugu zake kuzuia mchanga uliokuwa ukihama kwenye tambarare za Cape Flats. Ikazuia mchanga, kisha ikatoroka. Leo inabanwa na sheria kama mti vamizi: inaifinya fynbos, ile mimea mifupi ya asili ambayo sehemu kubwa yake haipo penginepo duniani, inakunywa maji ya eneo lenye ukame, na moto wa msituni ukiikuta unawaka kwa ukali kuliko kawaida. Tangu 1995 serikali ina mpango wa kuwalipa watu kazi ya kuing'oa miti ya namna hii. Sehemu ya kinachokatwa hukaushwa na kuuzwa kama kuni, na ni kuni nzuri mno: ngumu, zinaacha makaa yanayodumu. Kwa hiyo kauli ya baadhi ya wageni kwamba "kuchoma kwa kuni ni kuharibu mazingira" hapa Cape, ukichagua mfuko huo, inageuka.

Kameeldoring ni habari nyingine. Huo ni mgunga wa asili wa maeneo makavu ya kaskazini, unakua taratibu mno, na Afrika Kusini umelindwa kisheria, hata ukiwa umekauka. Makaa yake ni maarufu kwa ukali na kudumu. Mimi siuoni sababu ya kuuchoma kwa ajili ya soseji wakati rooikrans iko pembeni yake kwenye rafu. Wapo pia wanaotumia visiki vya mizabibu vinavyotoka mashambani Stellenbosch na Paarl. Vina harufu nzuri, vinaisha haraka.

Usiokote mbao uani. Mbao za ujenzi zenye rangi ya kijani kijani zimewekwa dawa ya kuzuia mchwa ambayo ndani yake mna aseniki na kromiamu, na moshi wake ni sumu. Zilizopakwa rangi ni hivyo hivyo.

"Tone la petroli litauamsha moto."

Litamwamsha zimamoto. Mvuke wa petroli unatambaa chini hadi kwenye miguu ya aliyesimama, halafu unashika wote kwa mpigo. Mafuta ya taa hayalipuki hivyo, lakini nyama itanuka mafuta ya taa hadi kesho. Nunua vile vipande vyeupe vya kuwashia, viwili vinatosha, panga kuni nyembamba juu yake ukiacha nafasi ya hewa, kisha simama kando. Kama kuna upepo wa kusini-mashariki, ule mkali wa kiangazi ambao wenyeji wanauita daktari kwa kuwa unasafisha hewa ya mji, na jiko lako liko wazi, ahirisha. Si woga. Tarehe 18 Aprili 2021 moto ulioanzia miteremko ya Table Mountain ulishuka hadi Chuo Kikuu cha Cape Town ukateketeza ukumbi wa kusomea wa maktaba ya Jagger, na ndani yake hazina ya vitabu na filamu za Afrika ambayo nyingine haitapatikana tena. Milima ile hukauka kiangazi kizima. Ndiyo maana ndani ya hifadhi ya Table Mountain huruhusiwi kuwasha moto popote ila kwenye sehemu zilizotengwa.

"Moto mkubwa, nyama tamu."

Si kweli. Ndimi za moto zinababua nje na kuacha ndani mbichi, tena zinaacha masizi. Kinachochoma ni makaa. Subiri mpaka kuni zimeanguka, zimekuwa nyekundu ndani na kijivu nje kama zimepakwa majivu kwa brashi. Kisha weka kiganja juu ya wavu, usawa wa nyama, na uhesabu taratibu. Ukitoa mkono kwa mbili au tatu, moto ni wa steki. Ukifika tano au sita, weka kuku, soseji na mbavu za kondoo. Ukivuka kumi bila kusumbuka, ongeza makaa. Mchomaji mzoefu anasukuma makaa mengi upande mmoja na machache upande wa pili, ili kipande kikizidiwa kihamishwe. Mafuta yakidondoka na moto ukaruka, hamisha nyama. Wanaomwaga bia au maji wanarusha majivu kwenye chakula cha watu.

"Kuibabua nyama kwanza kunaziba maji yasitoke."

Kila shughuli ina mtu wa kusema hivi kwa uhakika mkubwa. Wazo hili lilienezwa na mkemia Mjerumani Justus von Liebig mnamo 1847, na limeishi muda mrefu kwa sababu linaonekana lina mantiki. Si kweli. Nyama iliyobabuliwa vizuri inaendelea kuchuruza. Sauti ile ya chwaaa unayoisikia ni maji yanayotoka ndani na kugeuka mvuke juu ya chuma. Kama kungekuwa na kizibo, moto ungenyamaza. Pamoja na hayo, ibabue. Rangi ya kahawia na harufu inayowafanya majirani wachungulie vinatokana na sukari na chembe za protini kuungana chini ya joto kali, kama alivyoeleza Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912. Unaibabua kwa ajili ya ladha, basi.

"Ule wekundu ni damu."

Si kweli. Damu ya mnyama hutolewa wakati wa kuchinja. Kile kimiminika chekundu ni maji ya nyama yaliyochanganyika na myoglobini, protini inayohifadhi oksijeni ndani ya misuli. Nalisema hili kwa sababu limekuwa chanzo cha ubishi mezani: wenyeji wa Cape wanapenda steki yenye wekundu katikati, na sisi wengi tunataka iliyoiva ikaiva. Hakuna haja ya kuhukumiana. Choma za aina mbili, anza na za wale wanaotaka ziive sana.

Ila rangi haikupi usalama. Kuku mchanga anaweza kuwa na wekundu karibu na mfupa hata akiwa ameiva, na kinyume chake nyama ya kusaga inaweza kuwa kahawia kabla joto halijafika. Kipimajoto kidogo cha kuchomeka kinamaliza ubishi: viwango vya idara ya kilimo ya Marekani ni nyuzi 74 za Selsiasi kwa kuku, 71 kwa nyama ya kusaga na soseji zake, na 63 kwa kipande kizima cha ng'ombe au kondoo, kisha kipumzike dakika tatu. Kipande kizima kinaruhusiwa kuwa chekundu ndani kwa sababu vijidudu hukaa juu yake. Ukishaisaga nyama, cha juu kimekwenda ndani.

"Toboa soseji zisipasuke."

Usitoboe. Boerewors inauzwa ikiwa imezungushwa kama kamba iliyokunjwa, na sheria ya Afrika Kusini inataka iwe na nyama si chini ya asilimia 90 na mafuta yasiyozidi asilimia 30. Yale mafuta ndiyo yanayobeba giligilani iliyokaangwa, karafuu na kungumanga. Ukichoma uma yanamwagika, moto unaruka, na unabaki na ngozi yenye makapi. Iweke nzima ndani ya wavu wa kukunja wenye mpini, moto wa wastani, geuza wavu wote kwa mara moja. Ikipasuka, moto ulikuwa mkali, basi. Na usome lebo: inayoitwa braaiwors inaruhusiwa kuwa na nyama pungufu.

"Cape Town hakuna shida ya halali."

Kweli, kwa sehemu. Uislamu ni wa siku nyingi pale: Waislamu wa mwanzo waliletwa na Wadachi, wengine wakiwa watumwa na wengine wafungwa waliohamishwa, kutoka Indonesia, India, Madagaska na pwani zetu hizi za Afrika. Msikiti wa Auwal mtaa wa Bo-Kaap ulianzishwa 1794. Bucha za halali ni nyingi, boerewors ya halali ipo, na sosatie ya Waislamu wa Cape, vipande vya kondoo kwenye kijiti vilivyolala kwenye bizari, ukwaju na jamu ya aprikoti, itamkumbusha mtu wa Mombasa au Unguja mishkaki yake, ila tamu zaidi.

Sehemu isiyo kweli ni hii: boerewors ya kawaida inaruhusiwa kisheria kuwa na nguruwe, na wavu wa nyumba ya kukodi hujui jana ulibeba nini. Kama kati ya wageni kuna Waislamu, nunua wavu mpya. Ni wa bei ndogo, upo kwenye duka lile lile la kuni. Mwenye koleo awe na koleo mbili. Fanya hivyo kimya kimya kabla hawajafika, ili mtu asilazimike kuuliza kwa aibu mbele ya watu.

"Chumvi mapema inakausha."

Nusu kweli. Dakika chache baada ya kupaka, chumvi huvuta maji juu, na nyama iliyolowa ikiwekwa kwenye wavu inachemka badala ya kupata rangi. Ukiiacha dakika arobaini au zaidi, maji yale yanarudi ndani yakiwa na chumvi. Basi paka mapema kweli, au paka inapokwenda motoni. Papai bichi nalo linalainisha sehemu ya juu tu, halifiki katikati, na likilala usiku kucha nyama inakuwa uji. Saa moja inatosha.

"Bila nyama hakuna braai."

Si kweli, na mtu wa pwani atafurahi. Snoek ni samaki mrefu wa bahari baridi ya magharibi. Anapasuliwa mgongoni akafunguka kama kitabu, anatiwa chumvi kidogo, kisha anapakwa siagi, kitunguu saumu, ndimu na jamu ya aprikoti iliyoyeyushwa. Anawekwa ngozi chini, hageuzwi sana. Miiba yake ni mirefu na mikali, kwa hiyo watoto wachambuliwe. Kwa wasiokula nyama, mahindi, boga na viazi vilivyofungwa kwenye karatasi ya bati vinaingia kwenye makaa mapema na kutoka mwisho. Wawekee nafasi kwenye wavu kabla ya soseji, wavu ukiwa safi. Kuusafisha, kata kitunguu nusu, kichomeke kwenye uma, usugue chuma kikiwa moto. Brashi za waya huacha nyuzi ndogo ambazo watu wamezimeza.

"Mkaa usiotoa moshi hauna madhara."

Hili ndilo linaloua. Jioni ya Cape Town inaweza kuwa baridi hata kiangazi, upepo unaingia, na mtu mwenye nia njema anabeba karai la makaa au jiko dogo la kubebeka na kuliingiza sebuleni ili watu waendelee kuongea kwenye joto. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayotoa kaboni monoksaidi kwa wingi. Haina rangi, haina harufu. Inajishika kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, ikizuia hewa kufika kwenye ubongo. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kulegea na usingizi, na kwenye shughuli ya vinywaji kila mtu atadhani ni pombe. Atapelekwa kitandani akapumzike, chumba kile kile au cha jirani.

Dirisha lililofunguliwa nusu halitoshi. Gereji yenye mlango wazi haitoshi. Nyumba nyingi za Cape zina chumba chenye jiko la braai ndani, lililojengewa dohani inayovuta moshi hadi juu ya paa. Hilo ni sawa, mradi dohani haijaziba, na mwenye nyumba aulizwe ilisafishwa lini. Chochote kisicho na dohani kinabaki nje, mvua inyeshe isinyeshe. Sisi tunaotoka nchi ambazo kila msimu wa baridi kuna familia inayokutwa imelala na jiko chumbani tunalijua hili vizuri, na bado likizo inatusahaulisha. Kukiwa na baridi, gaweni blanketi.

"Ukishamwagia maji, moto umekwisha."

Si lazima. Makaa ya kuni ngumu yaliyofunikwa na majivu yanaweza kubaki na moto ndani hadi siku ya pili. Mwagia maji taratibu, koroga kwa fimbo, mwagia tena, na uyaache ndani ya jiko lile lile usiku mzima. Usiyamimine kwenye pipa la plastiki la takataka la mwenye nyumba, hasa kukiwa na upepo. Asubuhi weka kiganja karibu. Ukihisi joto, rudia. Nyama iliyobaki isilale nje: ndani ya saa mbili iwe kwenye friji, saa moja kukiwa na joto kali. Na rafiki aliyekuja na soseji zake zikabaki, muulize kama anaondoka nazo. Mara nyingi atakwambia zibaki, mzile na mayai asubuhi.